Watafsiri wa tamthilia, msitunyime majina ya vyombo

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa kuandika majina kwenye malori hapa Kizota, Dodoma. Mwaka juzi mzee mmoja wa Kondoa alileta lori lake niliandike BUBU juu ya kioo cha mbele. Nikapiga mstari kwa uzi wa chaki, nikaanza B ya kwanza kwa rangi nyekundu. Vijana wa gereji wakacheka: gari gani hilo lisilosema? Mzee akawajibu, "Bubu ni mto wa kwetu, ndio uliotulea." Ni mto huo huo unaoingia kwenye kinamasi cha Bahi. Herufi tatu zilizobaki niliziandika polepole.

Nilimkumbuka juzi kwenye banda la video, tukiangalia Star Trek: Deep Space Nine, tamthilia ya Kimarekani iliyoanza 1993, ya watu wanaoishi kwenye kituo cha angani. Vyombo vidogo vya kituo kile vina majina ya mito ya duniani: Ganges, Mekong, Volga, Orinoco, Rio Grande. Mtu yuko mbali na dunia, lakini amepanda mto wa nyumbani! Mtafsiri wetu alisema "kindege chao" mwanzo mpaka mwisho.

Majina haya watu wameyapigania. Enterprise, chombo cha angani cha Star Trek ya kwanza ya 1966, kilirithi jina la manowari za Marekani. Mwaka 1976 watazamaji wakaandika barua hadi Ikulu ya nchi ile, na chombo halisi cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichokuwa kiitwe Constitution kikaitwa Enterprise. Barua tu, Mhariri, kama hii.

Na ofisa wa mawasiliano wa Enterprise ni Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Nimemsikia mtafsiri akimwita "Ohara". Neno letu wenyewe! Liliniuma.

Ninawaomba watafsiri: chombo kikitokea, kitajeni kwa jina, muongeze maneno mawili matatu, "Volga, mto wa Urusi". Hamtachelewa popote.

Siku ile dogo mmoja aliyekaa mbele yangu alisogea karibu na runinga, akasoma mwenyewe ubavuni mwa chombo: "Me-ko-ngi." Akageuka kuniuliza ndiyo nini. Nikamwambia ni mto, kama Bubu.

Fundi wa maandishi,
Kizota, Dodoma