Anayekwenda Asakusa aambiwe pia atakula nini

Ndugu Mhariri,

Makala za safari katika magazeti yetu zikifika Tokyo huishia kwenye lango la hekalu la mtaa wa Asakusa. Msomaji huonyeshwa ile kandili kubwa nyekundu ya Kaminarimon, akaambiwa ndani kuna hekalu la kale na maduka ya zawadi, basi. Siku hizi wanaofika huko kutoka kwetu si wachache: wanunuzi wa magari yaliyotumika, wanafunzi wa ufadhili, watumishi wanaopelekwa kwenye mafunzo ya JICA, shirika la misaada la Japani. Wengi huambulia siku moja tu ya kutembea. Wakifika langoni saa sita mchana siku hiyo inaliwa na msongamano, na jioni wanarudi hotelini na njaa. Naomba nafasi niyajazie yale yanayoachwa, hasa ya mezani.

Kwanza kufika. Vituo vya treni vyenye jina la Asakusa ni vinne, vya kampuni mbalimbali. Vitatu vimekaribiana upande wa mto Sumida: cha njia ya Ginza, ambayo kipande chake cha Asakusa hadi Ueno kilichofunguliwa mwaka 1927 ndicho treni ya chini ya ardhi ya kwanza Asia, cha njia ya Toei Asakusa, na cha Tobu. Cha nne, cha Tsukuba Express, kiko magharibi, dakika kumi hivi kwa miguu, na ndicho kinachowapoteza watu waliopeana ahadi ya "tukutane stesheni ya Asakusa". Kutoka viwanja vyote viwili vya ndege, Haneda na Narita, zipo treni zinazofika Asakusa bila kubadilisha. Ila usome ubao: treni nyingine za kampuni ya Keisei kutoka Narita huenda Ueno.

Saa ya kwenda ni saa moja asubuhi. Jumba kuu la hekalu la Senso-ji hufunguliwa saa kumi na mbili (kuanzia Oktoba hadi Machi ni saa kumi na mbili na nusu) na hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini viwanja vya hekalu havifungwi. Maduka ya Nakamise, ile njia ya mita 250 hivi kutoka langoni, mengi hufunguliwa karibu saa nne. Kabla ya hapo milango yake ya chuma imeshushwa, na juu yake zimechorwa picha za sherehe za mtaa kwa misimu yote. Anayekuja mchana hazioni kamwe.

Na huo ukale unaosifiwa uelezwe vizuri. Masimulizi ya hekalu yanaanzia mwaka 628, ndugu wawili wavuvi walipoopoa sanamu ya Kannon, mtukufu wa huruma katika Ubudha, kwenye wavu wao mtoni. Lakini jumba kuu linaloonekana leo ni la zege, limejengwa upya mwaka 1958 baada ya la awali kuteketea katika mabomu ya Machi 1945. Vigae vya paa lake ni vya titani. Pagoda, yaani mnara wa hekalu wa ghorofa tano, ni ya 1973. Anayetaka mbao za kweli akiwa ametazama jumba kuu apinde kulia: pale pana Asakusa Jinja, madhabahu ya Kishinto ya mwaka 1649 iliyonusurika moto, na jirani yake lango la Nitenmon. Watu wengi hupita hatua chache tu kutoka hapo wakipiga picha zege.

Adabu za pande hizo mbili hazifanani. Kwenye hekalu la Kibudha hapapigwi makofi. Makofi ni ya Asakusa Jinja: huinamwa mara mbili, hupigwa makofi mawili, huinamwa tena. Penye birika la kunawia, kata ya maji hushikwa kwa mkono wa kulia kunawa wa kushoto, kisha kinyume chake. Maji ya kusukutua humiminwa kiganjani, kata haitiwi mdomoni. Asiyetaka kuabudu halazimishwi, na kutazama ni bure. Kuna pia karatasi za bahati, omikuji: tia yeni 100, tikisa kopo la chuma kifudifudi hadi ujiti utoke, linganisha alama zake na za droo, rudisha ujiti, chukua karatasi moja. Namba ziko 100, na 30 kati yake ni za mkosi, nyingi kuliko mahekalu mengi mengine. Ukipata ya mkosi unaifunga pale pale kwenye vyuma vilivyowekwa.

Sasa chakula. Kanuni ya Nakamise ni kula umesimama mbele ya duka ulilonunua, si kutembea huku unatafuna. Sababu ni ya kawaida: njia ni nyembamba, umati ni mkubwa, na mapipa ya taka mitaani karibu hayapo. Duka hupokea kijiti na karatasi yake lenyewe. Ukishaondoka nazo utazibeba hadi hotelini.

Cha kununua ni ningyo-yaki, vikeki vilivyookwa katika kalibu za umbo la kandili, pagoda na njiwa, ndani vikiwa na anko, yaani maharage madogo mekundu yaliyopondwa kwa sukari. Simama penye kalibu zinazogeuzwa mbele yako. Vya moto na vya kwenye boksi ni vitu viwili tofauti. Kaminari-okoshi ni kashata ya mchele uliopasuliwa kwa joto, yenye sukari na karanga, na inavumilia safari ya kurudi Dar. Imo-yokan ya duka la Funawa ni viazi vitamu, sukari na chumvi kidogo, hakuna kingine, ila haikai zaidi ya siku chache. Kula huko huko.

Mchana wengi hukimbilia tendon, yaani tempura (uduvi, samaki na mboga zilizokaangwa ndani ya gamba la unga) juu ya wali. Ya Asakusa hukaangwa kwa mafuta ya ufuta, kwa hiyo rangi yake ni kahawia na harufu ni nzito, kisha huchovywa katika mchuzi mtamu wa soya. Anayetarajia tempura nyeupe yenye kukauka hudhani ameletewa iliyoungua. Daikokuya, la mwaka 1887, ndilo linalotajwa na kila mtu, na ndilo lenye foleni. Kwenye tambi za soba, za unga wa nafaka iitwayo buckwheat, Namiki Yabusoba la mwaka 1913 linajulikana kwa mchuzi wake mkali. Hapo ndipo wageni hukosea: huzamisha tambi zote, halafu hulalamikia chumvi. Chovya ncha tu, theluthi ya chini, uvute kwa sauti, wala si aibu. Mwisho huletwa maji ya moto yaliyochemshiwa tambi, unayamimina katika mchuzi uliobaki na kunywa. Mwenye mzio wa soba asikae humo hata kama anaagiza kingine.

Chakula ninachokipa alama ya juu kwa mgeni ni monjayaki, kwa sababu unakipika mwenyewe mezani na kinaharibika kwa urahisi. Mtaa wake mashuhuri ni Tsukishima, lakini Asakusa hakikosi. Bakuli huja na uji mwepesi sana wa unga wa ngano, supu ya samaki na sosi, na juu yake kabichi, ngisi, uduvi mkavu au chochote ulichoagiza. Usimwage vyote pamoja. Paka mafuta bamba la chuma la moto lililo mezani, teremsha vitu vikavu peke yake, uache uji bakulini. Kaanga huku ukikatakata kabichi kwa miiko miwili ya chuma hadi inywee, dakika tatu hivi. Kabichi ikiwa ngumu duara halitashikana, na hilo ndilo kosa la kwanza. Kisha panga vitu hivyo duara lenye shimo katikati, ubane kingo. Koroga uji, maana unga hutuama chini, umimine nusu shimoni. Ukimimina wote mara moja ukuta unabomoka na mchuzi unakimbilia kingo za bamba. Ukianza kutokota na kuwa mzito, mimina uliobaki, subiri tena, halafu ndipo uchanganye vyote na kutandaza wembamba. Hakitakuwa kigumu kama chapati, kwa hiyo usingoje. Chukua kijiko bapa kidogo, anza pembeni, gandamiza kwenye bamba ushike ukoko, vuta kuelekea kwako. Utamu wote umo ukokoni.

Kwa Waislamu, tahadhari haiishii kwenye nguruwe. Mirin, kiungo kitamu kilichomo katika mchuzi wa tendon, wa soba na wa mkunga wa kuchoma, ni pombe ya mchele ya asilimia 14 hivi. Katika Komagata Dozeu, nyumba ya mwaka 1801 inayopika samaki wadogo wa dojo kwenye sufuria bapa juu ya makaa, samaki hulazwa katika sake, nayo ni pombe ya mchele, kabla ya kupikwa. Mafuta yale yale ya kukaangia tempura hupokea kila kitu. Kusema "sili nguruwe" peke yake hakutoshi, kwani mhudumu ataondoa nyama na kubakiza supu ya mifupa yake. Andika kwa Kijapani, kwenye karatasi au simu: hakuna nguruwe, hakuna mafuta yake, hakuna pombe katika mchuzi. Rameni, yaani tambi za supu, ya halali ipo Asakusa. Tazama cheti mlangoni. Msikiti nao uko karibu, katika mtaa wa Higashi-Asakusa, robo saa na ushei kwa miguu kaskazini mwa hekalu, na jina lake ni Darussalaam.

Upande wa vilabu vya Hoppy-dori sina mengi. Ni mtaa wa vinywaji na supu ya utumbo, na kile kibakuli unacholetewa kabla hujaagiza kinalipiwa, kwa kawaida yeni mia kadhaa. Si wizi, ni desturi. Bakshishi haitolewi popote.

Magharibi kidogo, dakika kumi na kitu kutoka hekaluni, uko mtaa wa Kappabashi ambao mama lishe na wapishi wetu wangeupenda kuliko Kaminarimon: mita 800 za maduka ya vyombo vya jikoni. Mengi hufungwa saa kumi na moja jioni, na baadhi hayafunguliwi Jumapili. Humo huuzwa vyakula vya bandia vya kuwekwa dirishani, na zipo karakana, kwa kuweka nafasi mapema, unapojifunza kumwaga nta ya moto kwenye maji ya uvuguvugu hadi igeuke gamba la tempura. Kazi hiyo ya nta isiachwe juani, italegea.

Kisu ndicho cha kununua kwa akili. Cha chuma cha kaboni kina makali ya ajabu, lakini kwa hewa ya chumvi ya Tanga au Lamu kitashika kutu usiku mmoja usipokikausha na kukipaka mafuta. Kwa nyumba ya pwani chukua kisichoshika kutu, aina ya santoku, yenye makali pande zote mbili. Deba na yanagiba, visu vya samaki, zimenolewa upande mmoja, na za kawaida ni za mkono wa kulia. Mwenye shoto aseme mapema. Visu vya aina ya santoku ni vyembamba na vigumu, kwa hiyo havipasui mifupa, havivunji nazi, wala haviguswi kwenye nyama ya barafu: makali yanameguka vipande. Nunua na kinoo cha namba 1000. Kisu kikishalipiwa kibaki katika boksi lake, kwani sheria ya Japani inakataza kutembea bila sababu ya msingi na kisu chenye makali yanayozidi sentimita 6, na uwanja wa ndege kiingie kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi. Na msamaha wa kodi dukani unatolewa kwa pasipoti yenyewe. Kopi ya pasipoti haikubaliwi.

Msomaji wenu,
Tanga