Mwanangu, Mungu hana mfano na mtawala ana mipaka

Bombo

Binti yangu Hawa,

Asalaam alaykum. Umeniuliza siasa inahusiana vipi na somo lenu la Makerere, lile la kumjua Mungu kwa kukanusha. Inahusiana sana, na ningependa ulishike vizuri.

Musa bin Maimuni, tabibu wa Kiyahudi aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliandika kwa Kiarabu kwamba tukisema Mungu yu hai, maana yake ni kuwa si mfu; tukisema ana nguvu, ni kuwa si dhaifu. Tukizidisha hapo tunachonga sanamu kwa ulimi. Nasi tunasoma katika Suratu Ash-Shura, aya ya 11, kwamba hakuna chochote mfano wake. Sasa shuka hadi aya ya 38 ya sura hiyohiyo: waumini wanasifiwa kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Mimi siwezi kuzitenganisha aya hizo. Ikiwa hakuna mfano wa Mungu, ni nani basi wa kutoa amri isiyoulizwa?

Mjerumani Carl Schmitt aliandika mwaka 1922 kwamba dhana kuu za dola ya kisasa ni dhana za dini zilizovuliwa kanzu. Kwake, mwenye mamlaka ni yule anayeamua lini sheria iwekwe kando, kama Mungu aletavyo muujiza. Mwaka 1933 alijiunga na chama cha Hitler. Hapa kwetu Idi Amin alitangazwa rais wa maisha mwaka 1976. Kufikia Aprili 1979 alikuwa ameshaikimbia Kampala.

Lakini usidhani kukanusha peke yake kunaleta uhuru. Yule mwandishi wa Kikristo wa kale aliyejiita Dionisio alisema Mungu yuko juu ya kila jina, kisha akapanga malaika na makasisi kwa madaraja, wa chini akipata nuru kupitia wa juu tu. Na watawala nao hupenda kuwa fumbo: matumizi yasiyoelezwa, mfungwa asiyejulikana alipo. Hapo ndipo ninapokasirika. Mungu hasemeki, ndiyo. Serikali lazima isemeke, kwa majina na kwa hesabu, maana ibara ya 1 ya Katiba yetu ya 1995 inasema mamlaka yote ni ya wananchi.

Muulize mwalimu wako kuhusu madaraja ya Dionisio, na uniandikie alivyojibu. Mama anakusalimu, anasema usiache kula.

Baba yako