Kagua mchoro wa penseli kabla hatujagusa ukuta

Mteja anayetaka ukuta wa sebule au duka upambwe kwa michoro huanza kutuuliza rangi. Sisi tunamletea kwanza karatasi yenye penseli tupu, na tunamsihi aikague bila haraka.

Kabla ya kuchora tumepima ukuta kwa utepe wa kupimia na kuupunguza mara kumi. Ukuta wa mita 4 kwa 2.6 unakuwa sentimita 40 kwa 26, unaenea kwenye karatasi ya A3. Swichi, soketi, fremu ya mlango na mgongo wa sofa vyote vimo, kwa kipimo hichohicho, na hapo ndipo kasoro hujitokeza: ndege mzuri ana swichi kichwani, shina zima la mti limepotelea nyuma ya kabati. Kwenye mchoro wa rangi jicho hukimbilia palipokolea, likayapita hayo. Penseli haifichi kitu.

Kumbuka pia ukubwa. Jani la sentimita 3 kwenye karatasi litakuwa na sentimita 30 ukutani, na majani ishirini ya namna hiyo yanaweza kukifanya chumba kidogo kionekane kimebanwa. Kwa hiyo bandika karatasi, kaa pale unapokaa kila siku, uangalie ukuta wenyewe huku ukiulinganisha nayo.

Ukisharidhika, tunaigawa karatasi kwa miraba ya sentimita 5 na ukuta kwa miraba ya sentimita 50, tukipiga mistari kwa uzi wa chaki, kisha tunahamisha mchoro mraba kwa mraba. Ukutani hatukandamizi penseli, maana weusi wake huonekana chini ya rangi nyepesi, hasa nyeupe na njano.

Kubadili mawazo si kosa. Karatasi ya maandalizi ya Raphael, mchoraji wa Italia, kwa ajili ya Shule ya Athens, mchoro wake maarufu wa ukutani huko Vatikani, imehifadhiwa katika jumba la sanaa la Pinacoteca Ambrosiana huko Milan, nayo haina yule mtu aliyeegemea mkono mbele ya ngazi. Aliongezwa baadaye ukutani. Nasi tunaongeza na kupunguza. Ila kwenye karatasi kinachohitajika ni kifutio tu, wakati ukutani tunasubiri rangi ikauke, tunafunika kwa rangi ya msingi, tunasubiri tena, ndipo tuchore upya.

Tutumie picha ya ukuta mzima ukiwa na samani zake. Nakala ya mchoro ikikufikia, zungushia kwa kalamu kila kinachokukera. Hata ukiandika "hapa sipapendi" bila sababu, inatutosha kuanzia.