Mayai mabichi

Tabata, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi wazima, mtoto kaota jino la pili. Usinione kimya: simu yangu imechukuliwa kwenye daladala pale Buguruni, namba zote zimekwenda nayo. Barua hii anakuletea Mama Shani, anapanda basi la Songea alfajiri.

Kabla simu haijapotea niliisikiliza sauti yako mara tatu. Habari ya mimba ilinitoa machozi hapo hapo jikoni, baada ya yote uliyopitia. Lakini kuna jambo ulilipitisha juu juu, huku unacheka: kwamba kila asubuhi unakunywa mayai mawili mabichi kwa maziwa, mama mkwe kasema yanaongeza damu. Kisha ukasema nywele zinakatika na una vipele vyekundu kuzunguka pua na mdomo. Tangu siku hiyo sina raha.

Zuhura, ute wa yai bichi una kitu kinaitwa avidini. Kinaing'ang'ania vitamini moja, biotini, kama ruba, mpaka inatoka mwilini bila kukufaa. Ukilipika yai, avidini inakufa nguvu. Na mjamzito mwili wake huitumia biotini haraka kuliko kawaida. Wengi hupungukiwa kidogo bila dalili yoyote. Ikipungua sana ndipo nywele hunyonyoka, ngozi hubabuka kuzunguka macho, pua na mdomo, mtu huchoka na kusononeka. Panya waliokosa biotini wakiwa na mimba walizaa watoto wenye kaakaa lililopasuka. Kwa binadamu hilo halijathibitishwa, sikutishi, lakini kwa nini tujaribu na mtoto uliyemsubiri miaka yote hiyo? Tena yai bichi lina hatari ya vijidudu vya kuhara, hata biotini ukiiweka kando.

Sisemi upungufu wa biotini ndio unaokusumbua. Nywele hukatika pia kwa upungufu wa damu au kwa tezi ya shingo. Ila wengi wetu nywele zilitoka baada ya kujifungua, si mimba ikiwa tumboni. Mwonyeshe nesi kliniki hivyo vipele, na mayai usiyafiche.

Na usikimbilie vidonge vya nywele! Hapo nazungumza kwa uchungu. Mwaka jana nilinunua kopo Kariakoo, kila kidonge mikrogramu 10,000 za biotini. Mjamzito anahitaji 30 tu kwa siku, anayenyonyesha 35. Nikaenda kupima damu kwa sababu ya mapigo ya moyo, majibu yakaja tezi inafanya kazi kupita kiasi. Wiki nzima sikulala. Hakuna aliyeniuliza nakunywa nini, mpaka daktari mwingine akauliza, akanisimamisha vidonge siku kadhaa, tukapima upya. Tezi nzima kabisa. Biotini nyingi kwenye damu huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, hata kile cha moyo. Kwa hiyo chochote unachomeza, kitaje kabla hujachomwa sindano ya kutoa damu.

Mayai endelea nayo, ila yachemshe hadi kiini kigande. Moja tu lina kama mikrogramu 10. Viazi vitamu, karanga, maini pia, ingawa maini usile kila siku wakati huu, yana vitamini A nyingi mno kwa mimba. Na vile vidonge vya damu vya kliniki usiviache hata kama vinakutia kichefuchefu. Vile ndivyo vinaongeza damu, shoga, si yai bichi.

Halafu Neema, bado anatumia dawa za kifafa? Baadhi yake, fenitoini na kabamazepini, nazo hupunguza biotini. Asiziache hata siku moja, ila amuulize daktari wake akitaka kuzaa.

Sasa niambie: mama mkwe utamwelezaje bila kumkwaza? Ukishindwa mwambie ni amri ya kliniki. Vipele vimefika machoni? Vidole vinakufa ganzi? Umeshapimwa wingi wa damu, na kadi imeandikwa ngapi? Mimba ina wiki ngapi hasa? Baba mtoto anakusindikiza kliniki au bado yuko Mbinga na kahawa yake?

Mama Shani anarudi Jumatano. Mpe jibu, hata mistari mitatu, na uniandikie namba yako upya.

Wako,
Tatu