Mwanangu, John Clare msome kuanzia kwenye viota

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza uanzie wapi kumsoma John Clare, kwa sababu kila kitabu unachoshika kuhusu mshairi huyu kinaanza na wazimu wake. Wewe anza na viota. Wazimu utaukuta mbele, na utauelewa vizuri ukiwa umeshajua ni kitu gani kilichomtoka.

Clare alizaliwa tarehe 13 Julai 1793 kijijini Helpston, Uingereza, kati ya Stamford na Peterborough. Baba yake alikuwa kibarua wa kupura nafaka, mama yake hakujua kusoma. Shule aliipata kwa vipande, pale kazi za shamba zilipomruhusu. Baadaye alilima, akatunza bustani katika jumba la Burghley, akachoma chokaa. Yaani mashamba aliyoyaandika aliyajua kwa mikono.

Tazama shairi lake la kiota cha nightingale, yule ndege anayesifiwa kwa kuimba usiku. Washairi wengi walimsikiliza kwa mbali, wakaandika juu ya huzuni zao wenyewe. Clare anakushika mkono. Anakuambia unyamaze, ulirudishe lango la msitu polepole lisije likamshtua ndege, kisha mpenye kwenye miiba mpaka mkifikie kiota. Hapo anakihesabu kipande kwa kipande: majani makavu ya mwaloni kwa nje, ndani nyasi na nywele kidogo tu, na mayai matano ya kijani kilichofifia, au tuseme, anajisahihisha mwenyewe, rangi ya zeituni inayoelekea kahawia. Kule kujisahihisha ndiko ninakotaka ukutazame. Neno la kwanza lilitosha kwa mizani, lakini halikutosha kwa yai, na yeye akachagua kuwa mkweli kwa yai. Wakishaona, wanaondoka na kukiacha kama walivyokikuta.

Kisha soma kiota cha yellowhammer, ndege mdogo wa manjano. Mayai yake yana michirizi kama mtu amejaribu kalamu juu ya ganda, na Clare anaisoma michirizi hiyo kama mashairi yaliyoandikwa na maumbile. Mshairi mwingine angeishia hapo. Clare anajua kwamba nyoka naye anakijua kiota, kwa hiyo nyoka anaingia ndani ya shairi.

La tatu liwe soneti yake, shairi la mishororo kumi na minne, ya kiota cha panya. Anaona donge la nyasi katika majani makavu, analichokoa akidhani atapata ndege, na panya mzee anachomoka mbio huku watoto wakining'inia kwenye chuchu zake. Watoto wanalia, mama anarudi. Mishororo miwili ya mwisho inageukia kwingine kabisa: maji yanapita kwa shida juu ya kokoto, na madimbwi machafu yanang'aa juani. Hakuna maelezo ya panya ana maana gani. Wasomaji wengi hudhani shairi limekatika. Halijakatika, ameinua macho tu, kama mtu yeyote anavyofanya baada ya kushtuka.

Kuna jambo litakalokukwamisha. Miswada yake karibu haina alama za uakifishaji, na matoleo mengi ya siku hizi yameiacha hivyo. Ukiisoma kama habari ya gazeti utapotea baada ya mishororo mitatu. Ichukulie kama unavyochukulia shairi letu la arudhi: mshororo ndiyo pumzi. Soma kwa sauti, tua kidogo kila mwisho wa mshororo, kisha rudia ukitafuta kitenzi kiko wapi. Maneno ya kijijini kwake yapo mengi pia. Usiyaruke. Yatafute katika faharasa iliyo mwisho wa kitabu, kwa maana mara nyingi ndiyo yanayobeba kitu chenyewe anachokiona.

Ukishakaa na mashairi hayo, ndipo uingie kwenye habari ya ardhi. Mwaka 1809 Bunge lilipitisha sheria ya kuzungushia ua mashamba ya wazi ya Helpston na ardhi ya pamoja iliyoyazunguka, na kazi ilikamilika rasmi 1820. Kabla ya hapo maskini alilisha ng'ombe wake kwenye malisho ya wote na kukata kuni za vichaka. Baada yake miti ilikatwa, vijia vikafungwa, vibao vya kukataza watu vikasimamishwa. Uchungu zaidi ni kwamba Clare mwenyewe, kwa kukosa kazi nyingine, alipata kibarua cha kupanda nyua hizo. Katika shairi la Swordy Well, machimbo ya zamani ya mawe, ardhi yenyewe ndiyo inayosema, na inasema kwa sauti ya fukara aliyeangukia mikononi mwa parokia, iliyowatunza maskini wakati ule. Nionavyo mimi, hilo ndilo shairi lake kali kuliko yote.

Habari ya vitabu ni fupi. Mwaka 1817 alichapisha matangazo 300 ya kuomba wanunuzi wa mashairi yake, wakajiandikisha saba. Kitabu cha kwanza kilitoka 1820 kwa John Taylor, mchapishaji wa mshairi Keats, kikauzwa upesi. Cha 1827, The Shepherd's Calendar, yaani kalenda ya mchunga kondoo, yenye shairi kwa kila mwezi, kilidoda. Wafadhili walimwekea takriban paundi 45 kwa mwaka, na nyumba ilikuwa na mke, watoto na wazazi.

Mwaka 1832 walimhamishia Northborough, kwenye nyumba nzuri zaidi, kilomita tano hivi tu kutoka Helpston. Watu hushangaa umbali mdogo namna hiyo ulimvunjaje. Wewe uliyesoma viota hutashangaa. Mtu anayejua kijiti kipi kina kiota, ukimpeleka kilomita tano umempeleka ugenini. Aliandika kwamba huko hata jua lilionekana kupotea njia.

Mwaka 1837 alipelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili High Beach, katika msitu wa Epping. Julai 1841 alitoroka, akatembea siku nne, zaidi ya kilomita 120, akila nyasi za kando ya njia. Usiku wa kwanza alilala ameelekeza kichwa kaskazini, ili akiamka ajue aelekee wapi. Alikuwa akimfuata Mary Joyce, mpenzi wa ujana wake, ambaye alikuwa ameshafariki miaka mitatu kabla. Desemba mwaka huohuo aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Northampton, akaishi huko mpaka alipofariki tarehe 20 Mei 1864. Humo mtumishi mmoja, William Knight, alinakili mamia ya mashairi yake. Bila yeye mengi yangepotea. Lile mashuhuri linaloanza kwa kusema "mimi nipo" ni la humo. Lisome mwisho, uone jinsi mandhari yote ilivyomwishia, akabaki kuomba nyasi chini yake na mbingu juu.

Kuhusu toleo la kununua: kalenda ile Taylor aliikata sana na kuisawazisha, hata shairi la Julai la kwanza akalikataa, Clare akaandika jingine. Eric Robinson na Geoffrey Summerfield waliitoa upya mwaka 1964 kutoka kwenye miswada. Tafuta hilo, na la 1827 pia ukilipata, uweke kurasa za mwezi mmoja, usiwe Julai, ubavu kwa ubavu na kuweka alama kila palipofutwa. Kazi ya jioni mbili. Ukimaliza niandikie, nami nitakutumia alama zangu tulinganishe.

Mama yako