Abiria akishikwa na hofu chomboni, msimzonge

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni nahodha, navusha abiria baina ya Mokowe na Lamu, na mara nyingine napeleka Faza. Abiria wa kushikwa na hofu hawakosekani, hasa kusi likikaza. Wala si wote wanaoogopa bahari. Kuna anayekwenda kuchukua majibu ya hospitali, kuna mwenye kesi, kuna mwanafunzi wa mtihani.

Kinachonikera ni sisi tulio kando. Mtu akianza kutweta tu, utasikia "Kapandwa na pepo huyo!" Huyu anammwagia maji, yule anampepea kwa leso huku amembana kifuani, na vijana washatoa simu wanarekodi. Halafu wote kwa pamoja: "Tulia! Tulia!" Angekuwa na uwezo wa kutulia kwa amri, si angeshatulia?

Julai tulikuwa kwenye mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda, maji yametoka, chombo kinakwenda kwa kunyata. Hakuna wimbi hata moja. Msichana mmoja akaanza kuhema mbiombio, vidole vikajikunja, gumba likaingia kiganjani, akasema midomo imekufa ganzi na anakufa. Nikampa utingo usukani, nikawasogeza watu, nikakaa mbele yake. "Mwanangu, nitazame mimi. Vuta kwa pua, nahesabu hadi nne. Sasa toa polepole kama unapoza uji, hadi sita." Mwanzo hakuweza. Tukarudia, tukarudia tena. Nikamwambia akandamize nyayo kwenye mbao, kisha anitajie anavyoviona: mikoko, dumu la petroli, kuku ndani ya tenga. Alipofika kwa kuku akauliza ni wa nani. Hapo nikajua karudi.

Mpwa wangu ni muuguzi, ndiye aliyenieleza. Ukihema haraka kupita kiasi unaitoa hewa ya kabonidioksaidi mwilini kuliko inavyotakiwa, ndipo kizunguzungu, ganzi na vidole kukakamaa. Mtu akiona hivyo anadhani ndiyo mauti, hofu inazidi, anahema zaidi. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye kutoa, si kuvuta. Wale wanaosema "vuta pumzi, vuta!" wanamwongezea mashaka. Kwa kawaida hofu ya namna hii hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka.

Kitambaa cha maji baridi usoni husaidia pia, ila umuombe ruhusa, usimmwagie ndoo. Mfuko wa karatasi mdomoni uacheni. Ikiwa ni pumu au moyo utamdhuru. Anayetaka kuleta uradi na aulete, hata mimi huuleta, lakini taratibu, ufuate pumzi. Na vijana wangu wa miraa na kahawa tungu juu ya tumbo tupu, msishangae moyo ukipiga ngoma.

Si kila kifua ni hofu. Maumivu yakishuka mkononi au taya, jasho jembamba likimtoka, mtu akikoroma kifuani au akizirai, huyo ni wa hospitali moja kwa moja, na nahodha aongeze mashine.

Tumefundishwa kufunga majaketi ya kuokolea, na ni vyema. Ombi langu kwa wanaoandaa mafunzo hayo: mtuongezee nusu saa ya jambo hili, na mautingo wawemo, maana wao ndio wanaokaa na abiria. Nanyi abiria mnaojijua, tuambieni kabla ya kupanda. Si aibu. Tutawakalisha tezini, nyuma ya chombo, hakurushi sana kama omo, kule mbele, na hatutamtangazia mtu.

Nahodha wa Mokowe,
Lamu