Barua kwa mwanangu anayekwenda kambini

Mwanangu mpendwa,

Video uliyonitumia nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka baba yako ajue, na kabla hujaondoka kwenda kambini kwa mazoezi ya kunyanyua vyuma ni heri niyaandike haya, maana kwenye simu huwa unanikatiza. Umesema mkufunzi mpya anataka wote mchuchumae na chuma mabegani migongo ikiwa karibu wima, magoti yasivuke vidole vya miguu, na kwamba katika kundi zima ni wewe peke yako unayeinama. Umeyaandika hayo kwa aibu. Sijakulea uionee aibu mifupa yako.

Unajua kazi yangu. Watu wawili wa kimo kimoja wakija kupimwa, suruali ya mmoja haimkai mwenzake, kwa sababu urefu wa huyu uko kwenye mapaja na wa yule uko kwenye kiwiliwili. Wewe urefu wako uko kwenye mapaja, na mapaja hayo umeyatoa kwangu, kwa hiyo ukitafuta wa kumlaumu huna haja ya kwenda mbali.

Nisikilize sasa, kwa sababu hili ndilo linaloninyima usingizi. Mtu anaposhuka na chuma kizito, chuma hicho lazima kibaki juu ya katikati ya unyayo. Kikienda mbele kitamvuta vidoleni, kikirudi nyuma atakaa chini bila kupenda. Chukua paja la sentimita 45, na magoti yaliyosogea sentimita 15 mbele ya katikati ya unyayo. Paja likilala sambamba na sakafu, nyonga zitakuwa sentimita 30 nyuma ya katikati ya unyayo. Ikiwa kutoka nyongani hadi palipo chuma ni sentimita 50, kiwiliwili kitalazimika kuinama takriban digrii 37 kutoka wima ili chuma kirudi mahali pake. Mwenzako mwenye paja la sentimita 40 na kiwiliwili kama chako atafanya jambo hilo hilo kwa digrii 30. Hajakuzidi bidii wala ufundi. Amekuzidi ufupi wa paja.

Sasa mwambie mwenye paja refu kwamba magoti yasiende mbele zaidi ya sentimita 10. Nyonga zinarudi nyuma hadi sentimita 35, na mgongo unainama digrii 44. Kwa hiyo anayekutaka uzuie magoti na wakati huo huo usimamishe mgongo anakutaka uanguke chali, au ufanye nilichokiona kwenye video: unakunja kiuno mwishoni ili upate kina ambacho umbo lako halikukipata kwa njia hiyo. Kiuno kinachokunjika chini ya mzigo ndicho ninachokiogopa. Kuinama si kosa, mradi uti wa mgongo ubaki umenyooka ndani ya kule kuinama.

Nimesoma pia kuhusu utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003, ambapo wanaume walichuchumaa na chuma, kwanza wakiwa huru, kisha ubao ukiwekwa mbele ya magoti ili yasivuke vidole. Msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha kiungo, kwenye goti ulipungua kutoka takriban nyutonimita (kipimo cha nguvu hiyo) 150 hadi 117, lakini kwenye nyonga ulipanda kutoka takriban 28 hadi zaidi ya 300. Mzigo haukuondoka, ulihamia nyongani na kiunoni tu. Mwenye goti bovu huenda akaambiwa na daktari alizuie. Wewe goti lako ni zima, liache liende linakotaka, likifuata uelekeo wa vidole.

Sisemi umdharau mkufunzi. Mheshimu, muulize kwa utaratibu, ila usilazimishe mgongo kusimama wima kwa sababu wa jirani umesimama. Unayo mengine ya kubadilisha. Panua miguu kidogo na ufungue vidole kwa nje: paja la sentimita 45 likifunguka digrii 30, urefu wake wa kwenda mbele unabaki takriban sentimita 39, na hapo umekuwa mtu wa mapaja mafupi bila kukatwa mfupa. Hata hivyo usipanue kwa kuiga, kwa sababu tundu la nyonga nalo linatofautiana kwa kina na kwa uelekeo. Ukisikia kubanwa kwa mbele, kwenye mkunjo wa paja, huenda mfupa umekutana na mfupa, na kama ni hivyo hakuna kunyoosha misuli kutakakouondoa. Rudisha miguu ndani kidogo.

Viatu vya kunyanyulia vyenye kisigino kigumu cha kama sentimita 2 vinasaidia goti kwenda mbele na mgongo kuinuka. Na hapa nina neno nawe. Visigino vyako vinaachana na sakafu kwa sababu vifundo vya miguu ni vigumu, na ni vigumu kwa sababu mazoezi ya kuvilegeza huyafanyi. Hilo si la mifupa. Weka kidole gumba sentimita 10 kutoka ukutani, kisigino kikiwa chini, uone kama goti linaufikia ukuta. Kama halifikii, unajua kazi yako kabla ya kulala.

Kuhusu mahali pa kuweka chuma, chagua kwa kujua. Kikikaa juu, chini kidogo ya shingo, mgongo utainuka kiasi. Kikishushwa hadi kwenye mabega ya nyuma utainama zaidi, lakini watu wengi hubeba uzito mkubwa zaidi kwa njia hiyo. Yote mawili ni halali. Hata kanuni za shirikisho la kimataifa la pawalifti, mchezo wa kushindana kunyanyua vyuma vizito, IPF, zinadai kwamba ukishuka, sehemu ya juu ya paja kwenye mkunjo wa nyonga iwe chini ya sehemu ya juu ya goti. Hazisemi ukiwa kule chini mgongo uwe na digrii ngapi.

Lakini usije ukayafanya mapaja marefu kuwa kichaka cha kujifichia. Katika marudio ya mwisho nyonga zako zilipanda kwanza, kifua kikabaki chini, na hilo halikuwapo ulipokuwa na chuma kitupu cha kilo 15. Jipige video kutoka ubavuni, kamera ikiwa usawa wa nyonga, kwa chuma kitupu na kwa uzito wa siku hiyo. Mwinamo ukiwa uleule, ni umbo lako. Ukiongezeka kadiri uzito unavyopanda, uzito umekushinda, na ni wajibu wako kupunguza hata kama wenzako wanatazama. Uliposhuka na kupanda katika marudio ya kwanza, kwa mgongo ulionyooka na visigino chini, niliona fahari ambayo sikuisema kwa sauti kwa sababu mdogo wako alikuwa karibu.

Huyo naye ameanza. Ana kiwiliwili kirefu na mapaja mafupi ya upande wa baba yenu, anashuka hadi chini mgongo ukiwa kama ukuta, na anadhani ni akili. Usimfanye kipimo chako, na akikutumia video usimsifu sana. Visahani vyako vya chuma ameviacha ukumbini na baba yako amejikwaa. Nimevihamishia stoo, vile vizito vikiwa chini. Fremu ya kuwekea chuma nayo iko huko huko, lakini nimemkataza kuitumia mpaka utuambie zile nondo za usalama, za kudaka chuma kikimshinda, zikae tundu gani kwa kimo chake, kwa kuwa ulizipanga kwa ajili yako na kwake ziko juu mno. Tuandikie hilo kabla ya Jumamosi, kwa sababu hana subira.

Jambo la mwisho: utepe wa kupimia uliouchukua mezani kwangu ni ule ninaoutumia kila siku. Pima paja kutoka kwenye kifupa cha pembeni mwa nyonga hadi kwenye ungio la goti, upime na kiwiliwili kutoka kifupa hicho hadi ncha ya bega, umwonyeshe mkufunzi namba hizo, kisha unirudishie utepe wangu na mtu yeyote anayekuja huku.

Mama yako